Hilux kuukuu inavuja maji: anza na tochi, spana baadaye

Hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, pikapu nyingi ninazoletewa na "ugonjwa wa maji" zimeshapita kwa mtu aliyeng'oa themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Ni dawa ya haraka ya mafundi wetu: gari likichemsha, toa themostati, pokea pesa. Lakini themostati haizibi tundu. Injini ya dizeli isiyo nayo huchelewa kupata moto, hunywa mafuta zaidi, na maji yanaendelea kudondoka vilevile. Kwa hiyo nina sharti moja: usilegeze nati yoyote kabla hujagusa kwa kidole mahali maji yanapotokea.

Nazungumzia Hilux za miaka ya tisini zenye injini ya 3L (ni jina la injini ya dizeli ya Toyota, si lita tatu), maana ndizo zinazoteremsha kabichi na vitunguu kutoka Kapchorwa. Pikapu nyingine za umri huo hazitofautiani sana.

Jioni, injini ikiwa imepoa, jaza rejeta hadi shingoni na chupa ya akiba hadi kwenye alama. Kunjua boksi kubwa, ulitandaze chini ya injini kuanzia bampa hadi gia boksi. Washa injini, ipate moto sawasawa, kisha zima ukalale. Kuna mivujo isiyojitokeza hadi vyuma na mipira vipoe na kujikunyata, ndiyo maana boksi lilale hapo usiku kucha. Asubuhi, doa la mbele kabisa linakuelekeza kwenye rejeta au mpira wa chini unaopitisha maji. Doa lililo chini ya feni ni la pampu. La nyuma, karibu na gia boksi, ni la mipira ya hita au plagi za bloku, zile sahani ndogo za bati zilizopigwa ubavuni mwa injini, ambazo huliwa na kutu kwa gari lililozoeshwa maji matupu.

Sasa chukua tochi. Kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, ikikauka huacha unga mweupe au wa kijani, na maji matupu huacha mstari wa kutu. Feni hupuliza matone kuelekea nyuma, kwa hiyo palipolowa zaidi mara nyingi hapana hatia. Fuata mstari kwenda juu mpaka ufike palipo pakavu. Hapo ndipo mwanzo wake.

Kabla ya kushika spana, angalia kifuniko cha rejeta, maana watu hukiruka kwa kuwa ni kidogo. Vingi huandikwa 0.9 juu yake: ndiyo presha vinayotakiwa kuzuia. Huku kwetu milimani jambo hili ni zito. Mbale maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na ukipanda Kapchorwa yanachemka mapema zaidi. Kifuniko kizima hukusukumia kiwango hicho zaidi ya 110. Raba yake ikiwa imepasuka au imekakamaa, maji yatatoka bila tundu lolote. Nunua kipya chenye namba ileile, wala usikifungue kabla mpira wa juu wa rejeta haujapoa kiasi cha kushikika kwa kiganja.

Mpira uliooza utaujua kwa kuubana karibu na klipu: unalia kwa ndani, unaonyesha nyufa, au umelainika kwa sababu ya oili. Fungua bomba la chini la rejeta taratibu, ni la plastiki na limezeeka. Kinga kulanti kwenye jerikeni iliyokatwa, usiimwage uani; ni tamu na ni sumu, mbwa na watoto huionja. Legeza klipu, kisha zungusha mpira, usiuchokonoe kwa bisibisi, kwani shingo ya rejeta ya shaba ni nyembamba. Ukigoma, uchane kwa kisu kwa urefu wake. Utautupa hata hivyo. Sugua shingo kwa msasa laini, sukuma mpira mpya uvuke kile kituta cha kwenye shingo, na klipu ikae nyuma yake. Ukienda dukani nenda na mpira wa zamani mkononi ulinganishe mikunjo. Mipira na pampu zilizotumika usinunue, hata kama muuzaji wa Kisekka, soko la vipuri la Kampala, atakuapia kwamba zimetoka Japani jana.

Pampu ina tundu dogo upande wa chini. Likitoa maji, sili ya ndani imekufa, usilizibe. Injini ikiwa imezimwa, shika feni uitikise mbele na nyuma: ikicheza, beringi nayo imekwisha. Ondoa kava ya feni, mikanda na feni yenyewe, ndipo uifikie. Bolti zake hazilingani urefu. Chora umbo la pampu kwenye kipande cha boksi na uchomeke kila bolti mahali pake, usije ukalazimisha ndefu kwenye tundu fupi. Kwangua gasketi ya zamani yote kwa wembe bila kukwaruza chuma. Silikoni, ukiitumia, iwe utando tu. Inayobaki hujitenga na kwenda kuziba rejeta. Kaza bolti kwa kupishanisha, kidogokidogo.

Rejeta ya shaba yenye tundu mpelekee fundi wa kulehemu rejeta. Yenye matangi ya plastiki ikipasuka tangi, badilisha. Mayai, sabuni na unga wa kuziba siweki: huziba pia mirija mizima.

Boksi likiwa kavu na maji bado yanapungua, fungua kifuniko injini ikiwa baridi, washa na utazame shingoni. Mapovu yasiyokoma, moshi mweupe usioisha, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa: gasketi ya hedi, yaani ya sehemu ya juu ya injini, imeungua au hedi imepasuka. Hiyo si kazi ya uani. Na usiongeze maji baridi kwenye injini inayochemka, hedi ya 3L hupasuka upesi.

Kujaza nako kuna utaratibu wake. Changanya kulanti na maji nusu kwa nusu. Ya mvua ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi. Kama themostati iliondolewa, irudishe sasa, kile kipini chake cha kupitisha hewa kikitazama juu. Elekeza pua ya gari mlimani, acha kifuniko wazi, fungua hita, injini ingurume taratibu. Binyabinya mpira wa juu hewa itoke, ongeza kila kiwango kikishuka. Mpira wa juu ukipata moto ghafla, themostati imefunguka: jaza, funga. Kesho yake asubuhi kagua tena.

Chini ya kiti weka ukanda wa tyubu ya baiskeli na jerikeni ya maji. Mpira ukipasuka njiani, subiri upoe, ukaushe kwa kitambaa, uuzungushie tyubu ukiivuta kwa nguvu na kuifunga kwa waya. Kifuniko cha rejeta kiache kwenye hatua ya kwanza tu, presha isipande. Jaza, tembea polepole, jicho kwenye geji, na kabla ya kila mlima simama uongeze injini ikiwa imepoa.