SOMO: Plagini za Python kwenye mstari wa amri, na kwa nini "haionekani"

Wakuu, swali la "nimesakinisha plagini lakini mwalo haiioni" linarudi kila wiki. Naliandika hapa mara moja ili tuache kujibizana vipande vipande.

Kwa wageni: mwalo ni programu yetu ya kusoma daftari za mialo (sehemu za kushushia samaki ufukweni) hapa Kigoma na kutoa jumla ya dagaa na migebuka. Kila karani ana uandishi wake. Huyu anaandika kilo, yule ndoo, mwingine anabana tarehe na jina la mtumbwi kwenye safu moja. Ndiyo maana kila mwalo una plagini yake, yaani kifurushi kidogo cha kusoma uandishi wake, na programu mama haiguswi.

Shikeni hili kwanza: kutambuliwa ni kitu kimoja, kupakiwa ni kingine. Katika kutambua, Python inasoma tu majina kwenye kumbukumbu za vifurushi vilivyosakinishwa, msimbo wako haijaufungua. Katika kupakia ndipo inauendesha. Kosa la kutambua liko kimya kabisa, la kupakia linapiga kelele.

Hatua ya 1. Uwe na Python 3.10 kwenda juu.

Hatua ya 2. Tengeneza folda (mfano wetu ni mwalo wa Kibirizi), weka msimbo kwenye src/mwalo_kibirizi/__init__.py, ndani yake funksheni iitwayo soma.

Hatua ya 3. Kwenye pyproject.toml, faili la maelezo ya kifurushi ndani ya folda hiyo:

[build-system]
requires = ["setuptools>=64"]
build-backend = "setuptools.build_meta"

[project]
name = "mwalo-kibirizi"
version = "0.1"

[project.entry-points."mwalo.visomaji"]
kibirizi = "mwalo_kibirizi:soma"

Alama za kunukuu kwenye "mwalo.visomaji" ni lazima, kwa sababu ile nukta ukiiacha wazi TOML (lugha ya faili hilo) inaigeuza jedwali ndani ya jedwali.

Hatua ya 4. Sakinisha. Hapa ndipo panapokula muda wa watu, someni taratibu. Washa mazingira (venv, yaani Python na vifurushi vyake kwenye folda yao) yaleyale ambamo mwalo imesakinishwa, kisha:

python -m pip install -e .

Pip ndiyo inayosakinisha vifurushi vya Python. Andika python -m pip, usiandike pip peke yake. Kompyuta yenye Python mbili inaweza kukupa pip ya Python nyingine. Usakinishaji utakwenda vizuri, hakuna kosa lolote, na plagini haitaonekana milele. La pili, ambalo ni baya zaidi: ile -e inawafanya watu waamini kwamba kila badiliko linaonekana papo hapo. Kwa msimbo, ni kweli. Kwa entry-points, yaani yale majina ya kundi na funksheni ya hatua ya 3, si kweli. Majina yale hunakiliwa wakati wa kusakinisha na kuwekwa kwenye faili la entry_points.txt, ndani ya folda inayoishia na .dist-info. Ukibadili jina la kundi au la funksheni kwenye pyproject.toml bila kusakinisha upya, Python inaendelea kusoma nakala ya zamani. ONYO: ukigusa sehemu hiyo, rudia amri ya usakinishaji. Kila mara.

Hatua ya 5. Hakikisha:

python -c "from importlib.metadata import entry_points; print(entry_points(group='mwalo.visomaji'))"

Jina lako halimo? Rudi hatua ya 3 na 4. Limo lakini mwalo inalalamika? Tatizo liko kwenye msimbo wako.

Hatua ya 6, kwa wanaoandika programu mama: mzungushe ep.load(), ile inayopakia plagini, kwa try/except, mtaje plagini iliyogoma, kisha muendelee na nyingine. Plagini moja mbovu isiwazimie kazi makarani wote.

MASWALI

mtoto_wa_mwanga: Mkuu mimi inaniletea TypeError kwenye entry_points. Ubuntu 20.04.
— Hiyo inakuja na Python 3.8, ambayo entry_points() yake haipokei group. Soma hatua ya 1.

mtoto_wa_mwanga: Kwa hiyo nifanyeje?
— Weka Python 3.10 au zaidi. Hatua ya 1, ndugu yangu.

binti_ujiji: Kaka shukrani. Kwa nini tusiweke folda moja ya plagini, mtu anadondosha faili tu, yameisha?
— Swali zuri dada. Inawezekana, na ziko programu kubwa zenye njia nyepesi kuliko hata hiyo. Git ikipewa amri isiyoijua, mfano git samaki, inatafuta faili tekelezi liitwalo git-samaki kwenye PATH (orodha ya folda ambamo kompyuta hutafuta programu) na kuliendesha. Kubectl, zana ya kusimamia mfumo wa Kubernetes kwenye seva, nayo iko hivyo, kwa majina yanayoanza na kubectl-. Uzuri wake ni kwamba unaandika kwa lugha yoyote. Sisi tunataka funksheni inayorudisha data ndani ya programu, tena pip itusimamie matoleo na vifurushi tegemezi. Pytest, zana ya kupima msimbo wa Python, nayo hupata plagini zake kwa entry-points, kundi lake linaitwa pytest11.

binti_ujiji: Na plagini mbili zikiwa na jina moja?
— Python haikatazi, zote mbili zinaorodheshwa. Ukiziweka kwenye kamusi kwa jina, ya mwisho inaifuta ya kwanza bila taarifa. Kagua kabla ya kuweka. Na kwa kuwa umeanza kuchimba: except Exception haikamati SystemExit, hivyo plagini inayoita sys.exit() inapopakiwa inazima kila kitu.

fundi_katubuka: Hatua ya 4 inagoma bando likiisha, wakati faili zote ninazo!
— Pip inajenga kifurushi kwenye mazingira ya muda, na setuptools, chombo cha kujengea, inaifuata mtandaoni. Ukiwa na bando sakinisha setuptools na wheel mapema, halafu ongeza --no-build-isolation kwenye amri.

fundi_katubuka: Imekubali. Na ya kumpelekea mtu Uvinza kwa flashi?
— python -m pip wheel . -w mzigo, nakili folda ya mzigo. Akifika kwake: python -m pip install --no-index --find-links mzigo mwalo-kibirizi. Toleo lake la Python lilingane na lako kama kuna kifurushi tegemezi chenye msimbo wa C.