Vya Kununua Kwanza Unapotengeneza Amplifaya za Zamani Nyumbani

Anayeanza kutengeneza amplifaya za miaka ya 1970 na 1980 nyumbani huvutiwa kwanza na osiloskopu, kifaa kinachochora wimbi la umeme kwenye skrini, kwa kuwa ndiyo inayoonekana kwenye meza ya kila fundi anayeheshimika. Mimi namshauri aiweke mwisho. Fedha za mwanzo ziende kwenye vifaa vinavyozuia hasara, ili mashine iliyoingia na kasoro moja isitoke na kasoro tano, maana transista nyingi za kutoa sauti za Kijapani za wakati ule hazitengenezwi tena, na nyingi zinazouzwa leo kwa namba zilezile ni bandia.

Kifaa chenye thamani kubwa kuliko vyote unakitengeneza mwenyewe kwa holda ya taa, soketi ya ukutani, plagi na waya. Waya wa moto unakatwa na kupitishwa kwenye balbu kabla ya kufika kwenye soketi, hivi kwamba umeme wote unaoingia kwenye amplifaya unapita kwanza kwenye balbu hiyo. Waya wa ardhi wenyewe haukatwi. Balbu iwe ile ya zamani yenye uzi unaotoa joto, kwa sababu balbu ya LED haiwezi kufanya kazi hii. Uzi ukiwa baridi ukinzani wake ni mdogo sana, na ukipata moto ukinzani unapanda mara kumi au zaidi. Amplifaya isiyo na kasoro ikiwashwa, balbu inawaka kwa ghafla wakati kapasita kubwa, yaani vipuri vinavyohifadhi chaji ya umeme, zinajaa, kisha inafifia hadi uzi unabaki na wekundu hafifu. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, kuna shoti ndani, na unazima bila kitu kingine kuungua, kwa kuwa balbu ya wati 60 hairuhusu zaidi ya robo ampea hivi kupita kwenye umeme wa volti 230. Jaribio hili hufanywa bila spika.

Niliwahi kuletewa amplifaya iliyotoka Japani, na aliyeiuza alikuwa amemhakikishia mwenye mali kwamba imekwisha kubadilishwa kwa umeme wa huku. Niliichomeka kupitia balbu, nayo balbu ikawaka na isififie. Nilipoigeuza na kufuta vumbi karibu na mahali waya unapoingilia, nilisoma volti 100. Transfoma ilipona, na mwenye mali alihitaji tu kununua transfoma ya kushusha umeme. Tangu siku hiyo hakuna mashine inayoingia kwangu ikachomekwa moja kwa moja ukutani, hata kama mwenyewe anasema ilikuwa ikiimba jana.

Baada ya balbu inakuja mita ya dijitali, na hapa bei ndogo inaweza kukutosha iwapo unajua unachokitafuta. Itazame kwenye volti za DC, yaani umeme wa upande mmoja kama wa betri: je, kipimo cha chini kabisa kinaonyesha sehemu ya kumi ya milivolti, au kinaishia kwenye milivolti nzima? Tofauti hiyo inaonekana unaporekebisha bayasi, yaani mkondo mdogo unaopita kwenye transista za kutoa sauti wakati hakuna muziki. Tuseme kitabu cha fundi cha mashine kinataka milivolti 10 juu ya rezista ya omu 0.47, ambazo ni kama miliampea 21. Mita inayoonyesha namba nzima tu inaweza kukukosesha kwa asilimia kumi, na hapo huwezi kujua kama unarekebisha au unabahatisha. Mita hiyohiyo ndiyo inayopima DC iliyobaki kwenye matundu ya spika: chini ya milivolti 50 kwa kawaida haina tatizo, lakini volti kadhaa zitaunguza koili ya spika, kwa hiyo usiunganishe spika kabla ya kupima pande zote mbili.

Mambo mengine ya kuangalia ni kipimo cha dayodi, fyuzi halisi ndani, na alama ya usalama ya CAT II au CAT III yenye volti zinazozidi za umeme wa nyumbani. Ningenunua mita mbili za bei ya kati kuliko moja ya gharama kubwa, kwa sababu wakati unazungusha skrubu ya bayasi unahitaji kuona bayasi kwa moja na DC ya matundu ya spika kwa nyingine. Pamoja nazo nunua ncha zenye kulabu ndogo zinazong'ata mguu wa rezista, kisha uzishikishe umeme ukiwa umezimwa. Ncha ya kawaida ikiteleza nusu milimita tu kati ya miguu ya transista, unasikia mlio mdogo kama wa kibiriti, na kazi ya wiki nzima imekwisha.

Kapasita kubwa za ndani hubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Usizipige shoti kwa bisibisi. Tumia rezista ya omu 220 na wati 10 iliyofungwa kwenye waya mbili zenye kinga. Kapasita ya mikrofaradi 10,000 itakwisha kwa kiasi cha sekunde kumi na moja, kisha uthibitishe kwa mita. Amplifaya za vali, zenye volti 300 hadi 500 ndani, zisiwe kazi yako ya kwanza.

Kuziondolea kapasita chaji ni lazima pia kwa ajili ya kifaa cha tatu, yaani kipima vipuri kidogo chenye chipu ya ATmega328, kilichoanza kama mradi wa wapenda elektroniki nchini Ujerumani. Unachomeka kipuri, unabonyeza, na kinakuambia kama ni transista na miguu yake imepangwaje. Kwa kapasita kinaonyesha ukubwa na ESR, yaani ukinzani wa ndani unaoongezeka kadiri kapasita inavyozeeka. Kapasita yenye chaji inakiua papo hapo. Ujue pia kwamba kinapima kwa volti zisizozidi tano, kwa hiyo kapasita inayovuja ikifika volti 50 itaonekana nzima.

Mashine ikishatulia, ipe mzigo usiokuwa spika: rezista mbili za omu 8 na wati 100 zenye ganda la alumini, zilizofungwa kwenye bati nene la kupozea, maana bila bati hazivumilii wati zilizoandikwa. Simu yenye programu ya kutoa mlio inatosha kuwa chanzo cha sauti. Kwa amplifaya ya NAD 3020 ya mwaka 1978, iliyotangazwa kuwa na wati 20, utegemee kama volti 12.6 za AC, yaani umeme unaogeuka-geuka, juu ya omu 8. Pima kwa mlio wa hezi 400 au chini yake, kwa sababu mita nyingi za bei nafuu hudanganya mlio unapopanda, na kipimo hiki kifanyike bila balbu, kwani balbu hushusha umeme.

Sasa ndipo osiloskopu inapopata kazi. Vile vya kujiunganishia, kama DSO138, vinaishia kilohezi 200. Vinaonyesha wimbi lililokatwa kichwa kwa amplifaya kuzidiwa, lakini amplifaya inayotetemeka yenyewe kwenye megahezi itaonekana salama huku transista zikichemka. Ya mtumba yenye chaneli mbili na megahezi 20 ni ununuzi bora zaidi, mradi uione ikiwashwa na mstari wake ukae imara kwa dakika kumi na tano. Klipu yake ya ardhi imeungana na waya wa ardhi wa ukutani, kwa hiyo kabla ya kuishikisha kwenye tundu hasi la spika, hakikisha kwa mita, amplifaya ikiwa imezimwa, kwamba tundu hilo limeungana na bodi la chuma la amplifaya. Kwenye mashine ambazo pande zote mbili za spika zina umeme, klipu hiyo ni shoti.