Wadudu wa rangi ya fedha kabatini na vitabuni: namna ya kuwatambua na kuwamaliza

Masika yakishika, wateja huanza kuniletea vitabu nivijalidi upya. Jalada limekwanguliwa, mgongo umeachia, na ukikikung'uta kitabu anaanguka mdudu wa kijivu anayeng'aa, anakimbia kama tone la zebaki. Kujalidi peke yake hakusaidii. Gundi tunayotumia wengi wetu ni unga wa ngano, na hicho ndicho chakula chake. Anza na nyumba kwanza.

1. Hakikisha ni yeye

Ana mwili bapa, mpana upande wa kichwa na uliochongoka nyuma, urefu wa sentimita 1 hadi 2. Hana mbawa. Mbele ana vipapasio viwili virefu, nyuma nyuzi tatu. Ukimponda, magamba yake hubaki vidoleni kama vumbi la fedha. Haumi wala haleti ugonjwa.

Ukikosa kumwona mwenyewe, soma alama zake. Tundu la duara lililotoboa kurasa nyingi ni kazi ya bungua. Ukikuta udongo, hao ni mchwa, tafuta fundi haraka. Huyu wetu hukwangua juu juu mpaka karatasi inakuwa nyembamba na mwanga unapenya, kisha inatoboka ovyo ovyo. Kwenye nguo, kagua kanzu na kofia zilizotiwa wanga.

2. Tega

Chukua chupa ya jamu, izungushie teipu ya karatasi kwa nje, ndani tia kipande cha mkate mkavu. Atapanda kwa kukanyaga teipu, atatumbukia, na kioo kitamtelezesha asitoke. Weka chupa kadhaa usiku: bafuni, jikoni, nyuma ya kabati. Inayonasa wengi ndiyo iliyo karibu na maficho.

3. Punguza unyevu

Sogeza kabati liachane na ukuta, hasa nyumba za mawe na chokaa ambazo kuta zake hunyonya maji kutoka chini. Rekebisha bomba linalovuja. Maboksi ya karatasi yatupe, tumia ya plastiki yenye kifuniko. Na tafadhali, ule mchele wa kufunga kwenye soksi eti unyonye unyevu, uondoe. Mchele ni wanga, unawaandalia karamu.

4. Gandisha vitabu na nyaraka

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu wengi wanapoharibu. Dawa ya kupuliza siitaki karibu na karatasi: inaacha madoa, na mayai yaliyo ndani ya mgongo wa kitabu haiyafikii. Mafuta ya taa ni kutafuta moto. Karafuu na majani ya mwarobaini yananukia vizuri, basi. Baridi ndiyo inayoua wadudu pamoja na mayai.

Unahitaji frizi halisi, ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Kile kisanduku cha barafu juu ya friji ndogo hakifiki huko. Tia kitabu kikavu kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa kadiri unavyoweza, funga kwa teipu, kisha tia mfuko wa pili. Msahafu na vitabu vya dini vitengee rafu yake, visilale chini ya samaki. Wenye nyumba wengi hukataa njia hii kwa sababu hiyo tu, na mifuko miwili huwatuliza. Acha wiki mbili nzima. Umeme ukikatika mpaka barafu ikaanza kuyeyuka, hesabu upya tangu siku ya kwanza.

Ukitoa, USIFUNGUE. Acha mfuko vilevile siku nzima mpaka upate joto la chumba. Kitabu baridi kikikutana na hewa yetu ya pwani hutoa jasho, wino unasambaa, ukungu unaota, na hasara yake hupita ya mdudu. Picha za zamani za kioo usizigandishe kabisa.

Kuanika juani? Hapana. Jalada linajikunja, karatasi inageuka manjano. Kivulini penye upepo, tena msimu wa kaskazi, sawa.

5. Poda kwenye nyufa

Asidi ya boriki, kidogo sana, kwa brashi kavu ya rangi, ndani ya nyufa na nyuma ya kabati. Ikiwa rundo, wadudu wanaizunguka. Isifikiwe na watoto wala paka, na isiguse vitabu.

6. Subiri

Mayai yaliyobaki ukutani huweza kuchukua hadi miezi miwili kuanguliwa, na mdudu mzima huishi miaka kadhaa. Kwa hiyo chupa ziendelee kukaa hata ukiona kimya. Vitabu vikirudi, vifutwe vumbi na vipangwe kwa nafasi. Kanzu za Idi zihifadhiwe zikiwa zimefuliwa bila wanga. Wanga tia siku ya kupiga pasi.