Somo: Kutafuta maua mwitu na kuyapiga picha

Mara ya kwanza nilirudi na picha zaidi ya mia mbili, petali tupu. Nilipokaa kuyatafutia majina, sikupata hata moja. Nilikuwa nimelipiga ua nikausahau mmea.

Hatua ya 1: Tafuta ardhi kwanza. Nenda pale ambapo jembe halijapita kwa miaka: kingo za vijito, miamba, pembezoni mwa msitu, hata makaburi ya zamani. Mvua zikishaanza, rudi palepale kila wiki. Maua hupokezana zamu.

Hatua ya 2: Hakikisha ni mwenyeji. Kuota porini si uthibitisho. Lantana camara, mmea wa kichaka, asili yake ni Amerika. Ilisambazwa duniani kama pambo la bustani, sasa inasonga vichaka vya nchi nyingi. Ukikuta aina moja imetanda kila mahali, ishuku.

Hatua ya 3: Wahi asubuhi, upepo ukiwa bado umelala. Siku ya mawingu ndiyo yangu, kwa sababu mwanga wake ni laini. Jua likiwa kali, likinge ua kwa mwili wako, mradi kivuli kilifunike lote.

Hatua ya 4: Piga magoti. Ukipiga ukiwa umesimama, nyuma ya ua utapata udongo na nyasi kavu tu. Wenye kamera, anzeni na f/8 (kipimo cha uwazi wa lenzi), na kasi ya 1/250 ya sekunde kama ua linatikisika. Wenye simu, msisogee mno: rudi nyuma kidogo, gusa ua kwenye kioo, shikilia mpaka simu ishike shabaha. Ua jekundu lina usumbufu wake. Rangi hujaa mpaka mistari ya petali inapotea, kwa hiyo punguza mwangaza mpaka mistari irudi.

Hatua ya 5, ambayo wengi huiruka: kila mmea upige picha tano. Ua kwa mbele. Ua kwa ubavu. Jani, juu na chini. Shina pale majani yanapoota. Kisha mmea wote na mazingira yake. Angalia kama majani yanaota mawili mawili yakitazamana au yanapishana. Maua mawili yanaweza kufanana kama pacha, majani yakayatenganisha. Weka rula kando. Usichume.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, maua meupe kwangu yanatoka kama balbu ya taa inayowaka.
– Simu inapima majani ya kijani kibichi yaliyo nyuma, inaongeza mwangaza. Gusa ua lenyewe, kisha telezesha mwangaza chini.

Niliona ua la buluu asubuhi, saa nane mchana sikulikuta. Limechumwa?
– Huenda limejifunga tu. Jamii nyingi za Ipomoea, kundi la mimea lenye viazi vitamu, hufunguka alfajiri na kunywea mchana. Rudi kesho mapema.

Nimepata okidi ya ajabu! Niwatumie ramani?
– Hapana, ndugu yangu. Okidi huibwa na kuuzwa. Zima GPS ya kamera kabla ya kupiga. Ukiweka picha iNaturalist, mtandao wa kushirikishana picha za viumbe, ficha mahali.

Na nyoka je, mwalimu, hapo kwenye kupiga magoti?
– Vaa buti, tembea na fimbo, na upapase nyasi kwa fimbo hiyo kabla goti halijafika chini.