Kumwandika Binti Mwenye Haya Asiye wa Dunia Hii katika Riwaya ya Enzi za Malkia Victoria

Riwaya ya mapenzi ya kigothi, yenye hofu, siri na mambo ya ajabu, iliyowekwa katika enzi za Malkia Victoria, yaani kati ya mwaka 1837 na 1901, huharibika mapema pale mwandishi anapolundika ukungu, makaburi na popo kabla hajamjua mhusika wake mkuu. Anza na binti mwenyewe. Amua ni kiumbe wa aina gani na ametoka wapi, kisha hakikisha kwamba haya yake inatokana na asili hiyo. Binti anayenyamaza kwa sababu tu mwandishi anapenda wasichana wanyamavu humchosha msomaji upesi, lakini anayenyamaza kwa kuogopa kwamba neno moja la kigeni litamfichua ana siri ya kulinda, na siri hiyo ndiyo itakayoibeba riwaya.

Nitamtumia selki kuwa mfano. Katika masimulizi ya visiwa vya Orkney na Shetland, kaskazini mwa Scotland, selki ni sili, yule mnyama wa bahari za baridi, ambaye huvua ngozi yake ufukweni akawa mwanadamu. Mwanamume akiiiba ngozi hiyo na kuificha, mwanamke hulazimika kuwa mke wake mpaka siku atakapoipata na kurejea baharini. Ninampendelea kuliko wanyonya damu, ambao wamekwisha kuandikwa kupita kiasi, kwa sababu kisa chake kinashonana barabara na sheria za wakati ule.

Mlete kusini hadi Whitby, katika pwani ya Yorkshire, na uchague mwaka 1866. Wakati huo, kwa sheria ya England na Wales, mali inayohamishika ya mwanamke ilikuwa ya mumewe mara tu walipofunga ndoa. Sheria ya mwaka 1870 ilimwachia mke mshahara wake na mambo machache mengine, na ni ile ya mwaka 1882, iliyoanza kutumika Januari 1883, iliyomruhusu kumiliki mali yake mwenyewe. Maana yake ni kwamba mchumba mwenye tamaa hana haja ya kuiba ngozi iliyofungiwa sandukuni: akishamwoa binti, itakuwa yake kihalali. Ukiihamishia hadithi mwaka 1890, tishio hilo litapungua nguvu, na ukiibakiza huko Scotland itakubidi usome sheria nyingine, kwani nchi hiyo ilikuwa na taratibu zake.

Adabu za enzi hizo zitakusaidia kumficha binti huyo. Msichana wa familia yenye heshima alitarajiwa kusema kidogo, kuinamisha macho na kutotoka bila mtu mzima wa kumsindikiza, hivyo kiumbe wa baharini asiyejua la kusema mezani ataonekana kuwa amelelewa vizuri. Mpe na msiba pia. Tangu mume wa Malkia, Albert, alipofariki tarehe 14 Desemba 1861, Malkia alivaa nguo nyeusi hadi kufa kwake, na desturi za matanga zilishika kasi. Mtoto aliomboleza mzazi kwa takriban mwaka mzima, akiwa na ruhusa ya kukataa mialiko ya dansi. Mapambo ya maombolezo yalichongwa kwa jiwe jeusi lililochimbwa Whitby kwenyewe, nawe unaweza kumfanya kijana anayempenda kuwa mchongaji wa jiwe hilo.

Mapenzi yao yakue polepole, kupitia vitu vidogo. Glavu ikivuliwa, hilo ni tukio. Kuitana kwa jina la kwanza kusije kabla ya katikati ya kitabu. Zaidi ya yote, tumia barua: tangu mwaka 1840 barua ilisafiri kwa stempu ya peni moja, na binti asiyethubutu kuzungumza anaweza kuwa jasiri ajabu akiwa na kalamu. (Ila usiwape watu wa Yorkshire methali za pwani yetu, wala usiwafanye waamkiane kwa shikamoo.)

Hofu ya majirani ichukuliwe kwa uzito. Mwaka 1895, huko Tipperary nchini Ireland, Bridget Cleary aliuawa na mumewe, aliyedai kwamba mke wake halisi alikuwa amechukuliwa na viumbe wa ajabu na kuwekewa mwingine mahali pake. Mahakama ilimtia mume huyo hatiani kwa kuua bila kukusudia. Kwa hiyo mwanakijiji anayenong'ona kwamba binti yule si mtu asiwe kichekesho.

Kuhusu mandhari, machache yatatosha: taa za gesi mjini, mishumaa na taa za mafuta mashambani, saa iliyosimamishwa na kioo kilichofunikwa katika nyumba yenye maiti.

Mwisho uamuliwe na ngozi. Kijana airudishe kabla hajajua kama binti atabaki, wala asidai ahadi yoyote. Kisha binti aseme uamuzi wake kwa sauti, hata kama ni kwa maneno matatu yenye kukwamakwama, kwa kuwa mapenzi hayapaswi kumponya haya yake kana kwamba ilikuwa ugonjwa. Akishasema, funga kitabu ndani ya ukurasa mmoja au miwili. Sura ya harusi haihitajiki, hata wasomaji wakiiomba.