Sauti ya Little Walter: anzia mdomoni, amplifaya baadaye

Kila Februari 15 huwa natoa harmonika yangu ya A na kupiga "Juke", wimbo wa Little Walter, mpaka majirani wachoke. Ndiyo siku aliyofariki mpiga harmonika huyo wa bluzi, mwaka 1968, jijini Chicago, akiwa na miaka 37. Jina lake kamili ni Marion Walter Jacobs, mzaliwa wa Marksville, Louisiana. Mwaka huu nimeona nisiwasumbue majirani bure. Nieleze kabisa jinsi sauti ile inavyopatikana, maana vijana wanaoniuliza huanza na swali moja tu: alitumia amplifaya gani?

Swali hilo tutalifikia katika hatua ya nne.

Hatua ya 1: Harmonika na ulimi

Tafuta harmonika ya kawaida ya matundu 10, ya ufunguo wa A. "Juke" iko kwenye E, na bluzi hupigwa hivyo: unashika harmonika ya A, lakini nyumbani kwako, yaani noti unayorudia kupumzika, ni tundu la 2 ukivuta, ambalo linatoa E. Ukivuta zaidi kuliko kupuliza, ndimi za chuma zinalia kwa uchungu kidogo, na noti unaweza kuzipinda.

Usichongoe mdomo kama unayepiga mluzi. Fungua mdomo ufunike matundu manne, kisha ulimi uzibe matatu ya kushoto. Hewa ipite kwenye la kulia peke yake. Ukiinua ulimi ghafla, kodi nzima (noti kadhaa kwa pamoja) inaingia. Ukiurudisha, noti moja inabaki. Ule mdundo unaousikia chini ya melodi za Walter, kana kwamba kuna mtu wa pili anayempigia, unatoka hapo. Kwa oktava, yaani noti ileile ya chini na ya juu kwa pamoja, ziba la 2 na la 3 kwa ulimi, hewa ipite kwenye la 1 na la 4.

Jipe miezi mitatu bila waya wowote, yaani bila maiki wala amplifaya. Najua hutanisikiliza.

Hatua ya 2: Mikono

Maiki iliyozoeleka kwa bluzi ya Chicago ni ile ya umbo la risasi, kama Astatic JT-30 au Shure 520 ya kijani. Asili yake ni maiki za matangazo na redio za mawasiliano, wala hazikutengenezwa kwa muziki. Noti za juu sana hazifiki vizuri, na ndiyo sababu tunazipenda.

Ishike maiki kwa mkono wa kushoto pamoja na harmonika, kisha mkono wa kulia ufunge nafasi yote iliyobaki, kama unayemkinga kifaranga asipate upepo. Pakivuja hata kwenye kidole kidogo, sauti inakuwa nyembamba. Pakifungwa barabara, hewa inabanwa mbele ya maiki, sauti inanenepa na kuanza kukwaruza hata kabla hujagusa amplifaya. Fungua kidogo mwishoni mwa sentensi, funga tena. Walter aliwasikiliza sana wapiga saksafoni, hasa Louis Jordan, na mikono ndiyo ilimpa ule mlio wa saksafoni ndani ya kitu kinachoingia mfukoni.

Hatua ya 3: Kuchagua na kutunza maiki

Maiki za zamani za JT-30 zina kipande cha fuwele ndani, chumvi ya Rochelle. Sisi wa pwani tuwe waangalifu hapa: chumvi hiyo haipendi unyevu wala joto kali. Yangu ya kwanza niliisahau ndani ya gari lililoegeshwa juani Mombasa. Jioni ilikuwa bubu, na hakuna fundi wa kuifufua. Ihifadhi kwenye kopo lenye vifuko vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja na viatu vipya. Ukitaka amani, chukua yenye sumaku badala ya fuwele.

Ukiwa na maiki ya kawaida ya kuimbia, inafaa pia, ila usiichomeke moja kwa moja kwenye amplifaya ya gitaa. Weka transfoma ndogo ya maiki katikati, vinginevyo sauti itakuwa hafifu.

Hatua ya 4: Amplifaya

Haya, tumefika. Watu wengi watakuambia nunua Fender Bassman ya 1959, yenye spika 4 za inchi 10. Ni amplifaya tamu sana kwa harmonika, sibishi. Lakini "Juke" ilirekodiwa Mei 1952, na Bassman ya spika 4 ilikuwa haijazaliwa. Wimbo ule ulikaa wiki 8 kileleni mwa chati ya R&B ya jarida la Billboard bila msaada wa Bassman hiyo.

Unachohitaji ni amplifaya ndogo ya valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti), wati 5 hadi 15, inayoweza kuzidiwa mpaka ikwaruze bila kuvunja vioo vya dirisha. Halafu:

Angalia umeme kwanza. Amplifaya ya Marekani inataka volti 120, hapa Kenya ukutani kuna 240. Ndugu yangu aliniletea moja kutoka ng'ambo, nikaichomeka kwa furaha. Moshi ulitoka kabla sijapuliza noti. Nunua transfoma ya kushusha umeme, na iwe na uwezo mkubwa kuliko umeme inaokula amplifaya. Kama ni ya zamani yenye plagi ya miguu miwili, fundi aweke waya wa pini tatu wenye ethi. Usipuuze: maiki ni ya chuma na iko midomoni mwako.

Punguza nguvu ya valvu ya kwanza. Nyingi huja na 12AX7, yenye kipimo cha ukuzaji cha 100. Ikiwa amplifaya yako inaruhusu, weka 12AY7, ambayo ni 44. Ndiyo hiyo iliyokuwa kwenye Bassman ya 1959. Gitaa linaitaka ile kali, lakini maiki iliyozibwa kwa mikono itapiga mayowe, sauti ya spika ikiirudia. Zima, chomoa, subiri ipoe, ndipo ubadilishe. Ndani kabisa usiingize mkono. Kuna kapasita zinazohifadhi mamia ya volti hata baada ya kuchomoa.

Vitufe: trebo karibu na 2, besi 7, sauti uipandishe taratibu mpaka maiki ianze kupiga mayowe, kisha urudishe nyuma kidogo. Hapo ndipo pako.

Hatua ya 5: Jukwaani

Usisimame mbele ya spika yako. Ipandishe kwenye kiti, kando na nyuma yako kidogo, sauti yake ielekee masikioni mwako badala ya kwenye maiki. Ukumbi ukiwa mkubwa, usiongeze sauti. Weka maiki nyingine mbele ya spika, ipeleke kwenye spika kubwa za ukumbi. Mpiga gitaa atataka kukushindanisha. Mwache. Inasimuliwa kwamba Walter mwenyewe alichukua maiki kwa sababu magitaa ya umeme yalikuwa yanamfunika.

Hatua ya 6: Mwangwi

Rekodi zake nyingi zina mwangwi. Pedali yoyote ya mwangwi (kifaa cha kukanyaga kwa mguu) ya bei nafuu inatosha: mrudio mmoja au miwili, mfupi, chini ya sauti yenyewe. Ukiusikia waziwazi, umezidisha.

Sasa jirekodi kwa simu ukipiga ule mwanzo wa "Juke", noti zile zinazopanda na kurudi. Piga mara ya kwanza ukiwa umechomeka waya kwenye amplifaya, mara ya pili bila waya, kisha usikilize zote mbili. Kama ya pili haikupendezi, rudi hatua ya 1.