Diski ipi uchome: CD, DVD au Blu-ray?

Kabla hujanunua diski tupu, jua kwanza itachezwa kwenye mashine gani. Ukubwa wa diski unafuata baadaye.

1. Kagua deki. Alama za diski inazokubali huwa zimechapwa mbele yake au kwenye kijitabu chake. Kama ni redio ya zamani ya gari, chukua CD-R: MB 700, au dakika 80 za muziki. Ichome kama CD ya sauti, maana si kila redio inasoma MP3.

2. Kwa video, chagua kati ya DVD-R na DVD+R. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Zote ni GB 4.7 (kompyuta ya Windows itakuonyesha kama 4.38, hujapunjwa, ni kwamba inahesabu kwa 1,024 badala ya 1,000). DVD-R ilitangulia, mwaka 1997, na DVD+R ikaja 2002, ndiyo maana deki kongwe huelewana zaidi na ile ya kwanza. Ukiwa hujui diski itaishia kwenye deki gani, nunua DVD-R. DVD+R nayo ina ujanja wake: baadhi ya draivu huweza kuiandikia utambulisho wa DVD-ROM, deki ikaipokea kama ya kiwandani.

Zenye RW (DVD-RW na DVD+RW) hufutwa na kuchomwa upya hadi mara 1,000 hivi, ila huakisi mwanga hafifu na deki nyingi za zamani huzigomea. Mimi huziacha kwa majaribio tu.

3. Picha na mafaili mengi: BD-R (Blu-ray tupu ya kuchoma), GB 25. Lazima uwe na draivu ya Blu-ray, kwani ya DVD haiisomi. Za kuhifadhi miaka mingi, epuka zilizoandikwa LTH. Hizo hutumia rangi ya kikaboni, ambayo haistahimili mwanga.

4. Choma taratibu. Diski ya kasi ya 16x ipe 8x, na uruhusu programu ihakiki ikimaliza. Kisha ifunge diski (kwenye programu huitwa "finalize"). Usipoifunga, kompyuta yako inaweza kuisoma vizuri huku deki ya sebuleni ikidai hakuna kitu.

5. Andika jina kwa kalamu ya ncha laini, kamwe si kwa biki. Kwenye CD, data imekaa chini tu ya lebo, kwa hiyo mkwaruzo wa juu ni mbaya kuliko wa chini. DVD ina nafuu: data yake iko katikati ya bamba mbili za plastiki.